Mimi ni Mpiga Kinanda

Takoma Park, Maryland

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako ya kwenye barua pepe nimesomewa na mama yako mdogo. Marahaba, mwanangu. Yeye amehamia Greenbelt, mji wa jirani, na watoto wake nikiwasalimia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza.

Unauliza kwa nini bendi yetu ya Ujerumani haikuvuma. Nilikuwa nasomea uuguzi kule, na jioni nilipiga kinanda na vijana wanne wa Kijerumani. Tulichanganya jazi na roki, wimbo mmoja ukichukua hata dakika ishirini.

Siku moja alikuja bwana wa kampuni ya santuri. Alitusikiliza, akafurahi, kisha akaniambia, "Wewe utavaa ngozi ya chui ucheze mbele. Kinanda tutampa mwingine."

"Mimi ni mpiga kinanda," nikamjibu.

"Basi hakuna mkataba."

Niliwatazama wenzangu. Dieter, mpiga dramu, ndiye aliyeutaka mkataba ule kuliko sote. Akaokota vijiti vyake, akahesabu mpaka nne, nasi tukaanza wimbo wetu mrefu kuliko zote. Yule bwana aliondoka kabla hatujafika katikati. Hatukuukatisha.

Santuri hatukutoa, na baadaye kila mtu akashika njia yake. Watu wa kanisani huku wakisikia kisa hiki hunipa pole. Pole ya nini, Neema? Sijawahi kupiga kinanda vizuri kama siku ile.

Bibi yako anayekupenda,
Anna