Amri Mpya Kwenye Menyu

Geita, Jumanne, Agosti 1996

Kwani nani alimtuma aje leo? Nimechoka kuchapa barua ileile ya kuwakataa waomba kazi, kila siku. Kwa hiyo asubuhi nikatengeneza makro, yaani amri fupi, nikaiweka kwenye menyu ya kompyuta, nikaiita "Samahani". Unaichagua, unaandika jina, printa inatoa barua nzima. Bosi alicheka mpaka akakohoa.

Nikawa natamani mtu wa kuijaribia. Akaingia Mwalimu Masanja.

Ndiye aliyenifundisha kusoma, kule Runzewe. Sasa amestaafu, koti limepauka mabegani, anatafuta kazi ya ulinzi mgodini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Akaitikia, akanipa bahasha kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Nafasi zilikuwepo. Lakini bosi anapenda vijana, na mimi nilitaka kuona menyu yangu ikifanya kazi. Nikachagua "Samahani", nikampa barua iliyotoka. Hata kukaa alikuwa hajakaa.

Akavaa miwani, akasoma barua kwa sauti, polepole, kama darasani: "Tumeisoma barua yako kwa makini..."

Akashusha macho. Bahasha yake ilikuwa mezani, mbele yetu, haijafunguliwa.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliichukua bahasha yake, akaitia mfukoni.

"Tangu darasa la kwanza ulikuwa mwepesi wa kusoma," akasema. "Nilikuwa nawaambia wenzako wakuige."

Kabla ya kufunga ofisi niliichagua tena "Samahani", mara tisa, kwa waombaji wengine tisa.