Nyimbo za Mapacha wa Suzana

Buzuruga, Mwanza
Agosti 1995

Ndiyo, Mama, niliandika "tunasoma", na kalamu haikuteleza. Uliandika kwenye barua yako kwamba anayesoma chuo ni Masalu peke yake, sasa hii tunasoma, tunasoma, imetoka wapi, au ndiyo ndoa changa imenifanya nijione mimi na yeye ni mtu mmoja. Nilipoisoma nilicheka mpaka Bernadeta, jirani yangu, akaja kuuliza nimepokea habari gani. Leo sicheki. Nitakujibu swali lako mpaka mwisho wake, ila nimejisahau, hata sijakusalimia.

Shikamoo, Mama. Hujambo na kifua chako, na kile kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua? Baba hajambo? Suzana na watoto wake je? Kulwa na Doto nasikia sasa wanafukuza kuku uwanja mzima na hakuna anayewaweza. Sisi huku ni wazima wa mwili. Umeona nimeandika kwa herufi kubwa kubwa na kuacha nafasi kati ya mistari, kama walivyokuwa wakiwaandikia ubaoni kwenye elimu ya watu wazima. Nimefanya hivyo ili uisome mwenyewe. Tafadhali usimpe mtu akusomee, hata Suzana. Nimempa Bernadeta, ambaye huja huko mnadani na mitumba yake, na nimemwambia aitie mkononi mwako wewe na si mwingine.

Mama, kwanza niache nikusimulie habari za mume wangu, maana nikianza na hayo mengine sitaweza kuzifikia. Masalu ni mtu mzuri. Najua kila bibi harusi husema hivyo na mtu mzima hunyamaza tu akisubiri mwaka uishe, lakini mimi nasema kwa kuona. Akitoka kiwandani, pamoja na uchovu wa kusimama mbele ya sangara tangu asubuhi, huoga kwanza nje kwa sabuni na malimao ndipo aingie ndani, kwa sababu siku moja tu niliwahi kukunja pua. Chai akinywa hunibakizia, eti sukari yote huzama chini na ya chini ndiyo yangu. Nikimwona anapanda ule mlima wa mawe kuja nyumbani, moyo wangu bado unaruka kama siku ile alipokuja na wazee wake kwetu Magu na kuimwagia chai suruali yake kwa kukuogopa wewe.

Chama cha ushirika kilipowapunguza makarani, wenzake wengi walirudi vijijini. Yeye alikubali kushika kisu cha kuchuna minofu asubuhi ili jioni asome chuo, cheti cha maendeleo ya jamii. Tulipofunga ndoa alikuwa ameanza muhula. Na hapo ndipo neno langu la tunasoma lilipoanzia.

Kisu kilimkata kidole gumba cha mkono wa kulia, jeraha baya. Kalamu ikawa haishikiki. Aliwaomba wakufunzi wake wamruhusu mkewe amwandikie kazi za chuo, yeye akisema na mimi nikiandika, wakakubali kwa sababu walikiona kidonda. Mama, zile zilikuwa siku tamu! Yeye kwenye kiti, mkono umefungwa bendeji, mimi mezani na karatasi zangu za fulskepu, maharage yanachemka, ananitajia maneno makubwa na mimi nayaweka sawa. Nilijiona niko darasani tena, na mwalimu wangu ni huyu ninayempenda.

Lakini mtu aliyechoka husinzia. Alianza kusinzia katikati ya sentensi, nami sikumwamsha, nikaimalizia mwenyewe. Baadaye nikamalizia ukurasa. Kidole kikapona, Mama, na hakuna aliyesema sasa basi. Kazi zenyewe zilikuwa nyingi na kila moja ina njia yake, huyu anataka lishe, yule takwimu, mwingine kilimo, mwingine uchumi wa kijiji, na zote zinatakiwa wiki moja. Kwenye lishe niliandika uji wako wa dagaa waliosagwa ambao ulimlea Suzana alipokuwa dhaifu. Takwimu zilinishinda. Niliwauliza wanawake wa bombani kila mmoja huchota ndoo ngapi, wakadhani nimetumwa na idara ya maji kuwaongezea bili, wakanitajia uongo mtupu, na mkufunzi akaandika kwamba kwa hesabu hizi mtaa wa Masalu hauogi. Kwenye kilimo nilieleza pamba kama ninavyoijua, jinsi shamba linavyokuwa jeupe asubuhi na mtu anatembea ndani yake kama bibi harusi. Mkufunzi huyo naye akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Bwana Masalu, pamba hulimwa, haiposwi. Tulicheka mpaka machozi. Kwa wiki nzima Masalu alikuwa akiingia mlangoni ananiuliza kama pamba imeshakubali posa.

Alikuwa akizisoma kabla ya kuzipeleka, akirekebisha huku na kule. Kwa hiyo tulijidanganya kwamba ni zake.

Sasa Mama, kaa chini kama umesimama.

Lilikuja zoezi la somo la mila na jamii. Mkufunzi wake anaitwa Mwalimu Chenge, mtu mzima, mzee wa kanisa kama Baba, wa kanisa letu hilihili ila huku mjini. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze mila moja katika familia anayoifahamu, na jinsi familia hiyo ilivyobanwa kati ya mila hiyo na dini. Wiki hiyo samaki waliingia wengi kiwandani na Masalu alifanya zamu mbili. Aliniambia niandike lolote, hata ngoma za mavuno, akasema ananiamini. Hakuisoma. Niliipeleka mwenyewe hadi geti la kiwanda nimeifunga kwenye kanga, akaipokea kwa mikono yenye magamba, akaenda nayo chuoni moja kwa moja.

Niliandika habari za mapacha wa Suzana.

Niliandika yote, Mama. Jinsi Doto alivyokataa ziwa, na mama mkwe wa Suzana akasema watoto hawatapona mpaka wafanyiwe mambo yao ya mapacha. Jinsi ulivyokataa, ukasema wewe ni mke wa mzee wa kanisa, ukakataa tena, halafu mtoto akawa hana hata nguvu ya kulia. Jinsi ulivyongoja Baba aende Mwanza kwenye mkutano wa kanisa, ndipo ukamruhusu mganga aingie uwanjani kwetu na dawa zake. Na nyimbo zile. Niliziandika nyimbo, Mama, zile zenye matusi ambayo hayasemwi siku nyingine yoyote, na nikaandika kwamba bibi wa watoto ndiye aliyeziimba kwa sauti kuliko wote huku machozi yakimtoka. Nikamalizia kwamba Doto alinyonya kesho yake, na kwamba babu yao, asiyejua lolote, kila mwaka husimama kanisani kushuhudia jinsi maombi yalivyomponya mjukuu wake. Maombi yalikuwapo, ni kweli. Mimi mwenyewe niliomba. Lakini unakumbuka ulivyotushika mikono jikoni, mimi na Suzana, ukasema jambo lile life palepale. Mimi nimelifufua kwa wino.

Nilibadilisha majina yote. Nilijiona mwerevu. Kulwa na Doto niliwaacha, kwani mapacha wa Usukuma nzima si ni Kulwa na Doto? Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichonishinda kuacha, kwa sababu kilikuwa kinapendeza kwenye karatasi. Niliandika kwamba kengele ya kanisa la babu huyo ni rimu ya trekta aliyoitundika kwa mikono yake na kuipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya kinu cha pamba.

Alama zilizotoka zilikuwa za juu kuliko za darasa zima. Nami, kabla sijajua lolote, nilicheza hapa ndani peke yangu.

Kumbe Mwalimu Chenge aliisoma mbele ya darasa, na nyimbo zote. Darasa lilicheka. Masalu naye alicheka na wenzake, akidhani ni kazi ya mtu mwingine, mpaka alipoitwa jina lake asimame aeleze. Akasimama. Ndipo Mwalimu Chenge, kwa furaha kabisa na wala si kwa ubaya, akamwuliza kama hiyo rimu ya bluu si ile ya Magu, maana yeye aliwahi kuhubiri hapo na aliipiga kwa mkono wake, na kama mzee huyo si baba mkwe wake. Masalu akajibu ndiyo. Nilipomwuliza kwa nini hakukana, aliniambia alikuwa bado anazisikia nyimbo masikioni, na akili yake yote ilikuwa kwako.

Wewe unajua kuliko mimi maana yake, Mama. Mtu ambaye hawezi kukaa kiti ulichokalia, ambaye ukipita hukaa pembeni ya njia na kuinamisha macho, amesimama mbele ya watu huku maneno ya kinywa cha mama mkwe wake yakisomwa na kuchekwa, na jina lake yeye limeandikwa juu ya karatasi kwamba ndiye aliyeyasema. Aliporudi hakunigombeza. Aliuliza tu kama ni kweli yalitokea, nikasema ni kweli. Akatoka nje akafua shati lile alilolivaa, akalisuuza, akalifua tena. Akasema atawezaje kukanyaga uwanja wako. Afadhali angenipigia kelele.

Nimekuwa nikisema moyoni kwamba nilifanya kwa mapenzi, kumsaidia mume aliyechoka. Si kweli, na wewe sitakudanganya. Zile za lishe na kilimo labda. Hii niliifanya kwa ajili yangu. Nilipokosa nafasi ya kuendelea kidato cha tano nilinyamaza na nyote mkadhani nimeridhika. Sikuridhika. Nilipoliona lile swali nilijua nina jibu ambalo hakuna mwingine darasani mle angekuwa nalo, na nikataka mwalimu mmoja, hata asiyejua jina langu, aandike kwamba hii ni kazi nzuri. Nilizitaka zile alama kuliko nilivyokukumbuka wewe. Hiyo ndiyo aibu yangu, na kila nikiinamisha kichwa naiona ipo palepale.

Masalu amekwenda kwa Mwalimu Chenge akamweleza kwamba kazi ile si yake, ni ya mkewe, na nyingine nyingi pia tangu kidole kilipopona. Chuo bado kinalizungumzia. Huenda atarudia mwaka, huenda wakamtoa. Amesema kurudia mwaka si kitu, asingeweza kukubali uishi ukijua ni yeye aliyekutangaza. Mimi nami nilikwenda kwa Mwalimu, nikapiga magoti nikimwomba asahau aliyoyasoma. Alinijibu kwa upole kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huu amealikwa huko kwetu kuhubiri sikukuu ya mavuno, na kwamba Baba akisimama siku hiyo kutoa ushuhuda wake wa Doto, yeye kama mzee mwenzake hataweza kukaa pembeni yake akijua na kunyamaza. Alisema ni heri Baba aambiwe na watu wa nyumbani mwake. Aliongeza kwamba naandika vizuri. Mama, nilitamani mawe ya Buzuruga yaniangukie.

Najua kinachokungoja. Najua wanaweza kukutenga na meza ya Bwana, wewe uliyewafundisha wanawake wa kanisa zima kuimba, na najua hilo hulihofii kama unavyohofia uso wa Baba atakapojua kwamba miaka yote hii alishuhudia peke yake. Siwezi kukuchagulia. Ukitaka kumwambia kabla sijafika, mwambie, na umweleze kwamba niliyelitoa nje ni mimi. Ukitaka kuningoja, nitalisema mbele yake kwa kinywa changu, nianze na kosa langu ndipo nifike kwenye lako. Na kama ataniuliza lako lilikuwa nini, nitamwambia nilikuona hukusinzia wala kula mpaka mtoto yule aliponyonya.

Msalimie Suzana, ila usimwambie bado, acha nimwombe radhi mwenyewe. Wabusu Kulwa na Doto. Bernadeta atakupa sabuni na kanga, si za kukupoza, nilikuwa nimezinunua tangu kabla ya haya. Masalu anakusalimu, akiwa mbali na macho yake yakiwa chini.

Mimi ni mwanao anayekupenda, ingawa sijakuonyesha,
Gladness

Nitakuja, Mama, kabla mwezi huu haujaisha, na kabla ya Jumapili ile. Masalu atanisindikiza, lakini hataingia. Ataketi barabarani, pale wanapopimia mchele, na hatasogea mpaka wewe mwenyewe utume mtu aje amwite.