Mstari Unaopita Jikoni

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Saa mbili za kwanza, darasa la nne la sekondari. Mteremko wa mstari. Chaki mbovu, inakwaruza. Nimeandika: mistari sambamba ina mteremko ule ule. Mfano, y = 2x + 1. Tafuta mstari sambamba nao unaopita kwenye (2, 3). Jibu: y = 2x − 1. Wamenakili. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi pia nisingeuliza.

Walimu wenzangu bado wananipa pole ya mama. Nasema asante. Inatoka yenyewe, kama hesabu ya kujumlisha.

Mvua njia nzima. Chai na mkate.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Sijaingia jikoni tangu tumzike mama. Jiko liko nyuma ya nyumba, nguzo za mbao na mabati, ndani jeusi tii kwa moshi. Pale alipika pondu ya majani ya muhogo na samaki wa kuuza, akatulea mimi na mdogo wangu Amisi. Ufunguo uko kwenye msumari wa mlango wa nyuma. Naupita asubuhi, naupita jioni. Maji ya chai nachemsha kwenye korido kwa mbabula ndogo ya makaa.

Nilipokuwa napika mimi, mama alikuja kuonja na kunisema kwa chumvi. Kila mara. Mwalimu wa hesabu asiyejua kipimo cha chumvi! Alicheka mpaka akakaa chini.

Sijalia bado. Kwenye matanga watu walinichungulia usoni. Hawakupata kitu.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba

Jana tulisoma arobaini ya mama. Leo familia imekaa sebuleni kugawa kiwanja. Tonton Saidi ndiye aliyeongoza. Ni mjomba wetu, mdogo wa mama, mkurugenzi wa shule ya msingi aliyestaafu. Ndiye aliyenifundisha kushika rula.

Mama alishasema mwenyewe akiwa hospitali, mbele yetu sote. Mstari uanzie kwenye nguzo ya lango, uingie ndani ukiwa équerre na avenue, barabara ya mbele, pembe mraba kabisa. Kulia, penye nyumba, pangu. Kushoto pa Amisi. Na avenue yetu inapita mshazari, ndiyo maana Tonton alichora kiwanja chote kwenye karatasi ya miraba, akaweka équerre yake ya mbao, rula ya pembetatu, juu ya avenue, akavuta mstari.

"Bon," akasema. "Équerre ni équerre. Hapa hakuna palabre, hakuna kubishana."

Mstari umeacha jiko upande wa Amisi. Wakaniuliza kama ninakubali. Nimesema ndiyo. Nimetia sahihi. Kuku wa mchana alikuwa mtamu, wanasema.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Tonton na Amisi wamepigilia vijiti na kuvuta kamba. Inapita kati ya nyumba na jiko. Amisi atajenga depo la bidhaa zake pale. Aliniambia huku anafunga mizigo kwenye pikipiki: mafundi watakuja Jumamosi kubomoa jiko. Hakunitazama. Ameondoka kwenda Bafwasende, anapeleka sabuni na nguo kwa wachimbaji wa dhahabu.

Nilimwambia safari njema. Nilitafuta ndani yangu kama kuna uchungu. Hamna. Pakavu tu.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Leo mistari inayokatana kwa pembe mraba. Zidisha miteremko miwili, upate hasi moja. Mmoja una 2, mwingine hasi nusu. Rahisi. Wanapenda kitu chenye kanuni.

Espérance, yule wa dawati la mbele, akainua mkono.

"Madame, nimezidisha, inatoa moins un. Lakini mistari yangu haifanye équerre. Juu ya nini?"

Nikaenda kuona. Hesabu sahihi kabisa. Lakini kwa kubana karatasi, kwenye mhimili wa x mraba mmoja kaufanya moja, kwenye wa y mraba mmoja kaufanya mbili. Nikawaeleza darasa zima: picha imebanwa upande mmoja, kwa hiyo pembe zimepotoka. Équerre ya karatasini ni ya kweli pale tu mihimili yote miwili ina kipimo kimoja.

Nilipomaliza kusema nikabaki na chaki mkononi. Niliona karatasi ya Tonton. Kiwanja chetu ni kirefu na karatasi ilikuwa fupi. Upana, mraba mmoja mita moja. Urefu, mraba mmoja mita mbili. Aliandika mwenyewe pembeni, kwa mwandiko wake mzuri. Na mimi nilitia sahihi chini yake.

Wanafunzi wakadhani naumwa.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Nimehesabu mara tatu. Nguzo ya lango naiita sifuri.

Avenue inapanda mita moja kila mita tano. Mteremko wake moja ya tano. Kwenye karatasi iliyobanwa umekuwa moja ya kumi, na équerre ya Tonton ikatoa hasi kumi. Ukirudisha kwenye udongo ni hasi ishirini. Hasi ishirini mara moja ya tano ni hasi nne. Ingepaswa kuwa hasi moja. Mstari wa kweli una hasi tano: y = −5x. Mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeuona.

Mama aliweka ukuta wa nyumba équerre na avenue. Basi kamba ingekuwa sambamba na ukuta. Nimetoka na mita. Kona ya mbele, kutoka ukutani hadi kwenye kamba, mita tatu. Kona ya nyuma, moja na nusu. Sambamba gani hiyo?

Mstari wa kweli unapita upande wa pili wa jiko, unaligusa kidogo tu. Mama alijua alipolijenga. Jiko lote ni langu.

Nimekaa kwenye kizingiti cha nyuma nikiliangalia. Bado sijaingia.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba

Kwetu watu wa Maniema mtoto hamsahihishi mjomba wake. Kosa la mkubwa linapelekwa kwa aliyemzidi, naye ndiye anayelisema. Mkubwa wa Tonton amebaki mmoja: Mama Mukubwa Mwajuma, dada yao wa kwanza, anakaa Lubunga. Baada ya darasa nimevuka mto kwa pirogi. Nyumba imefungwa. Jirani anasema ameenda Ubundu kwenye kilio, atarudi reli ikitaka.

Amisi hapatikani kwa simu. Kule hakuna réseau.

Ningeweza kwenda kwa Tonton mwenyewe. Nimepita mbele ya mlango wake. Alikuwa amekaa barazani, anachonga penseli za wajukuu. Nimemwamkia, nimepita.

Kesho nitaongea na mafundi. Watakuja Jumamosi, muda upo.

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba

Wamekuja leo. Walipata gari la matofali mapema. Nilikuwa darasani.

Nimerudi, jiko halipo.

Mabati yamepangwa vizuri kando ya ukuta. Kinu cha mama wamekiweka kwenye veranda, wamekifuta. Fundi mkuu ni mtu wa adabu, alinikabidhi kufuli mkononi. Ufunguo bado uko kwenye msumari.

Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Nimelala. Nimeamka. Nimesahihisha kazi za darasa la nne. Espérance kapata zote.

Heshima, nilijiambia siku ile pale barazani. Haikuwa heshima. Nilichoka tu, sikutaka kufungua mdomo. Najichukia kidogo. Hata hiyo haina nguvu.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba

Mama Mukubwa amerudi. Nilimweleza kwa kalamu, akanizuia. Hataki karatasi. Akaja mwenyewe na fimbo yake, akamwita Tonton, akasimama kati ya ukuta na kamba, upande wa mbele. Kisha akatembea hadi nyuma, akanyoosha mikono.

"Saidi. Kule mbele ninanyoosha mikono, haigusi kitu. Huku mukono moja iko kwa ukuta, ingine iko kwa kamba. Hii kamba yako inaenda wapi?"

Tonton aliomba ile karatasi. Aliishika muda mrefu. Akasoma maandishi yake mwenyewe ya pembeni, upana mita moja, urefu mita mbili, na nikaona midomo yake inazidisha. Akavua miwani. Aliinama, yule mzee wa magoti mabovu, akang'oa vijiti vyake kimoja kimoja. Nilitaka kumsaidia. Mama Mukubwa akaniwekea fimbo mbele ya miguu.

Tumevuta kamba upya, mimi na Tonton. Tano kwa moja. Tulipofika nyuma, kamba ilipita kwenye ukingo wa doa jeusi, pale jiko lilipokuwa. Doa lote likabaki kwangu.

Tonton alisema sentensi moja tu, akiangalia chini: "Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Akaitika kwa kichwa. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, tarehe 25 Oktoba

Amisi amefika, vumbi hadi kwenye kope. Alikuta kamba mpya na Tonton amekaa kwenye matofali akimngojea. Waliongea kando. Kisha Amisi akaja, akasimama mahali mlango wa jiko ulipokuwa. Hakuvuka, kana kwamba mlango bado upo.

"Yaya, dada yangu, juu ya nini haukuniambia? Hata kwa chauffeur wa camion ungetuma neno. Ningerudi na miguu."

Namjua. Angerudi. Sikuwahi hata kuwaza malori.

Alilia pale pale, mtu mzima, na kofia ya pikipiki kichwani. Nilimshika bega. Anasema atalijenga upya kwa matofali yake, zuri kuliko lile. Nimemwambia hakuna haraka. Halitakuwa na moshi wa mama.

Jumapili, tarehe 27 Oktoba

Mvua ya asubuhi imekatika. Depo la Amisi litaanza kesho, upande wake. Tonton amenitumia équerre yake ya mbao kwa ajili ya darasa, bila ujumbe. Nimeitundika kwenye msumari, juu ya ufunguo.

Mchana nimetoa mbabula kwenye korido. Nimeiweka katikati ya udongo mweusi. Nimeosha kinu, nimetwanga pondu. Mkono ulisahau kidogo, ukakumbuka. Majirani waliona moshi wakasema yao, sikusikiliza.

Nimepika kama zamani, sufuria ya watu wawili. Nimekaa kwenye kigoda, pasipo ukuta wala bati, nikala.

Nimezidisha chumvi. Nimengoja kidogo. Hakuna aliyenisema.