Paka wa Ghala

Kijijini, Buswelu
Novemba 1974

Kwa kaka yangu Ngosha, huko Nansio,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe, wifi Renatha na watoto. Mimi na shemeji yako Shimba tunaendelea, na watoto wamepona surua. Mvua bado, tunakula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, kama kila mtu. Hizo ndizo salamu. Sasa niruhusu nikasirike, maana nimekasirika tangu juzi na nimechoka kukasirika peke yangu.

Kisa chenyewe ni cha paka. Usicheke. Tulipohamishiwa huku, panya waliingia ghala la kijiji wakatoboa magunia ya mbegu. Mwenyekiti akaleta paka mchanga kutoka Ilemela, akatangaza kwamba ni mali ya kijiji na atalishwa na kijiji. Kila kaya ina zamu yake, maziwa kidogo asubuhi na dagaa mchana. Kazi ya kumlisha alipewa Mama, kwa sababu kibanda chake kiko ubavuni mwa ghala na miguu yake haiwezi tena shamba la pamoja.

Basi kaka, paka yule alilia. Asubuhi analia, jioni analia, anadandia kanga ya kila mwanamke anayepita, na mbavu zimemtoka. Mimi sina subira na uzembe, unanijua. Nikaona jirani yangu Paskazia ndiye anayepunja zamu yake, nikamwambia kisimani mbele ya wanawake wote kwamba anamnyima chakula mnyama wa umma. Akanijibu kwamba dagaa wake alijaza bakuli, na kama siamini nikamwulize mama yangu. Nikamwuliza. Mama akasema paka ana minyoo. Nikahangaika na mbegu za maboga, nikazitwanga, nikamnywesha kwa nguvu mpaka akanikwaruza mkono. Akazidi kulia.

Juzi zamu ilikuwa yangu. Mchana nilipeleka dagaa, nikaondoka, nikakumbuka kibuyu cha maziwa nilichokiacha asubuhi. Kurudi, nikamkuta Mama amekaa juu ya gunia na bakuli la paka mapajani. Alikuwa akikata vichwa vya dagaa na kumtupia paka, sehemu iliyobaki anakula yeye. Alimwambia avumilie, mvua ikinyesha watashiba wote wawili. Hakuniona. Nilikwenda nyuma ya ghala nikakaa chini, nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Sasa najua. Unafahamu vizuri kwamba Mama hali katika nyumba ya mkwe wake. Chungu changu ni chungu cha Shimba, na Mama angekufa kwanza. Shimba mwenyewe amenituma mara nyingi nimpelekee unga, Mama anaurudisha kwa adabu zote, anasema anao wa kwake. Ndivyo alivyomwambia hata katibu siku ya kuandikisha watu wa mgao wa chakula. Alisema asimwandike, kwa kuwa mwanawe wa Nansio humletea unga na samaki kwa meli. Nami nilimwamini, kaka. Nilikusifu kwa Shimba, nikamwambia kwetu kuna mwanamume.

Umeleta nini, wewe ndiye unayejua. Jana, Mama alipokwenda kisimani, nilifungua debe lake la unga. Ndani mna mawe mawili yaliyofungwa kitambaa, ili mtu akilisogeza alione zito.

Hajui kwamba nimeona, na wewe usithubutu kumwambia, aibu itamwua kabla ya njaa. Nimemdanganya kwamba bwana mifugo ameagiza paka wa ghala apewe ugali laini na mboga mara mbili kwa siku, na chakula cha paka wa kijiji hakina habari ya mkwe. Alinitazama sana. Akasema paka wa siku hizi wana makuu, kisha akapokea bakuli. Jana jioni paka hakulia. Paskazia nimemwomba radhi, ingawa sababu sikumweleza.

Nakuambia kama mdogo wako, lakini nakuambia: panda meli uje. Usimpe mtu mzigo akuletee. Beba gunia begani mwako mwenyewe, upite mbele ya ofisi ya kijiji mchana, watu wakiwapo, ili uongo wa Mama uwe kweli.

Nisalimie wifi, na watoto wapakate kwa niaba yangu. Shimba anakusalimu, na wapwa zako hapa wanakuamkia. Mama naye anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia, alisema nikuambie unga wa mwezi huu umefika, na Mungu akuzidishie.

Ni mimi mdogo wako,
Kija