Jibu Nililompa Darren

Alhamisi, Doonside, pembezoni mwa Sydney. Mvua imeanza kupungua, lakini baridi hii ya mwezi wa sita haina mpango wa kuondoka. Nimerudi kutoka kazini kabla ya adhuhuri. Mtu wa kibarua akirudi mapema hivyo, ujue kuna jambo.

Sijala. Nimekaa kitandani, na koti langu la manjano limetundikwa mlangoni, bado linadondosha maji juu ya zulia la watu. Nitapangusa baadaye. Kwanza niandike, maana nikikaa bure nasikia tena breki za lile gari.

Kama umeanza kunisoma leo tu: mimi ni Mkenya wa Voi, lakini pasipoti yangu ni ya Ayalandi. Mama alikwenda huko kufanya kazi ya uuguzi nikiwa bado shule ya msingi, akatuchukua, na mwishowe tukawa raia. Pasipoti hiyo ndiyo iliyonipa viza ya mwaka mmoja ya kutembea na kufanya kazi Australia. Binamu zangu wanadhani nashinda ufuoni Sydney nimevaa miwani ya jua. Ukweli ni kwamba majuma yangu ya mwanzo niliyamaliza nikiingia mkahawa huu na kutoka ule, naambiwa njoo siku moja tuone kazi yako, naenda, naosha vyombo hadi vidole vinakunjana, halafu simu haipigwi tena. Nilifika mahali nikawa naikagua simu yenyewe kama ni nzima.

Aliyeniokoa ni Mama Joy, ambaye nimekodi chumba kwake. Ni muuguzi hospitalini kule Westmead, Mkenya mwenzangu, na hana subira na mtu anayejihurumia. Aliniambia kanisani kwao kuna Mrundi anayefanya kazi ya kuongoza magari barabarani, na kampuni yake inatafuta watu. Nikafanya kozi, nikapata kadi, nikapewa buti na koti.

Mrundi huyo ndiye Mzee Zakaria.

Kazi yenyewe ni hivi. Barabara ikichimbwa ikabaki njia moja, mmoja wetu husimama mwisho huu na mwingine mwisho ule. Kila mmoja ana kibao kwenye mpini mrefu: upande mmoja kinasema simama, upande wa pili kinasema pole pole. Wenyeji hukiita kwa neno la Kiingereza linalosikika kama bati. Siku ya kwanza nilipoambiwa nishike bati langu nilitazama juu nikitafuta paa. Mara nyingi hatuonani, kwa hiyo tunasemezana kwa redio za mkononi. Yeye akizuia, mimi naachilia. Mimi nikizuia, yeye anaachilia. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini tukikosana hata mara moja, mtu anaweza kufa.

Mzee Zakaria amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na Kiswahili chake ni cha huko, kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa kidogo. Kila asubuhi hunipitia na gari lake, chupa ya chai ya tangawizi iko tayari kati ya viti. Huniita mwanangu. Wanawe wakimjibu Kiingereza simuni anacheka, anasema, "Mimi nimezaa Wazungu, mwanangu, bila kujua." Kwa miezi yote niliyokaa hapa, gari lile ndilo mahali pekee ambapo sikuhisi kama mtu anayefanyiwa mtihani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kiingereza cha Mzee Zakaria kinamtosha akiwa anakutazama usoni. Redioni hakimtoshi. Weka mvua, weka mashine inayochimba, weka Mwaustralia anayemeza nusu ya kila neno, na Mzee Zakaria anabaki na sauti tupu. Nililigundua hilo siku zangu za kwanza. Akiambiwa chochote anajibu "Copy", yaani nimekusikia na nimeelewa. Anasema copy hata akiulizwa swali.

Kwa hiyo nikawa namrudia maneno hayo kwa Kiswahili. Msimamizi akishasema la kusema, mimi nabonyeza redio na kusema, "Mzee, zuia," au, "Mzee, achilia." Hatukuwahi kukubaliana. Hakuniomba, wala mimi sikumwuliza. Niliona ni kama kumwekea mzee maji ya kunawa bila kusubiri akuagize.

Jana msimamizi wetu, Darren, akatukataza. Hakufoka. Alisema redio ile inasikilizwa na kila mtu, dereva wa mashine na wale walio ndani ya mtaro, na wakisikia lugha wasiyoijua hawatajua kama ni hatari au ni salamu. Kuanzia sasa ni Kiingereza tu. Nilikubali, kwa sababu alisema kweli.

Mzee Zakaria alisema, "Copy."

Leo tulikuwa Bankstown, kwenye barabara ya nyuma ya maduka, mahali wanapobadilisha mabomba ya maji. Pana kona katikati, na Mzee Zakaria alisimama ng'ambo ya kona hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu tufike. Lori la kokoto lilimaliza kumwaga mzigo likawa linataka kutoka kinyumenyume, na likitoka linaziba njia yote. Nikageuza kibao changu, magari ya upande wangu yakasimama. Darren akasema redioni, haraka haraka, kwamba Zakaria asiyaachilie magari bado. Kiingereza hukataza kwa kijineno kimoja kifupi mbele ya kitenzi. Kijineno hicho kilimezwa na mvua. Kilichomfikia Mzee Zakaria kilikuwa: achilia magari.

"Copy," akasema.

Alisema haraka mno. Mimi namjua. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na redio iko mdomoni. Nikamkumbuka Darren na maneno yake ya jana, nikakumbuka pia kwamba nina majuma machache tu kwenye kazi hii na kwamba sina nyingine.

Nikaondoa kidole.

Nikifumba macho ni hapo ninaporudi. Si kwenye ajali. Ni hapo, kwenye kile kidole.

Gari dogo jeupe likaja kwenye kona likiwa kwenye mwendo wa mtu aliyeambiwa njia ni nyeupe. Lori lilikuwa limeshakata barabara. Nikabonyeza na kupiga kelele, na sikuchagua lugha: "Mzee, zuia! Zuia magari!" Yule dereva akakanyaga breki, gari likateleza kwenye maji, likavigonga vizuizi vya plastiki na kuvisukuma hadi ukingoni mwa mtaro. Mtaroni walikuwa wanaume wawili. Niliona kofia zao zikishuka. Halafu gari likasimama.

Hakuna aliyeumia. Naandika tena ili niamini: hakuna aliyeumia. Wale wawili walipanda juu wakiwa na udongo hadi kwenye ndevu, mmoja akakaa chini palepale kwenye lami yenye maji. Dereva, mama mmoja wa makamo, alishindwa kuachia usukani hadi mtu akamfungulia mlango na kumshika mkono. Magari mengine yaliyokuwa yanamfuata hayakuja. Mzee Zakaria alinisikia, akaingia katikati ya barabara na kuyazuia kwa mwili wake.

Kazi ikasimamishwa. Darren aliniita kwenye gari lake, lililoegeshwa ng'ambo ya kona, akafunga mlango. Akaikalia mikono yake kama mtoto. Nilidhani atanifokea kwa ajili ya Kiswahili. Aliniuliza jambo jingine kabisa.

"Nikiongea redioni," akasema, "Zakaria ananielewa?"

Kupitia kioo nilimwona Mzee Zakaria. Barabara ilikuwa imeshafungwa pande zote, hakuna hata baiskeli, lakini bado alikuwa ameshika kibao chake kimesimama wima, upande wa simama. Alikuwa anatutazama. Mvua inamtiririka kwenye kofia.

Nilifikiria mkewe, ambaye hulitia jina langu kwenye sala zao za jioni. Nilifikiria ada ya chuo ya kifungua mimba wake. Nilifikiria ndiyo, neno moja tu, na Darren angeniamini. Halafu nikafikiria kesho na keshokutwa, kona nyingine, mvua nyingine, na mimi sipo.

"Si kila mara," nikasema.

Baada ya hapo yakatoka yote. Kwamba nilikuwa namtafsiria. Kwamba jana tulipokatazwa nilijua, na nikanyamaza. Darren aliweka kichwa kwenye usukani. Alisema yeye ndiye aliyepaswa kuuliza, tena zamani, na hakuwahi kuuliza kwa sababu Zakaria hachelewi na halalamiki. Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli. Halafu akasema ofisi itatupigia sote wawili, twende nyumbani.

Kwenda nyumbani maana yake ni gari la Mzee Zakaria.

Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile kutoka Bankstown hadi Doonside. Chai ilikuwepo, hakuna aliyeigusa. Wiper zilikuwa zinakwenda na kurudi. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, akiwa ametazama mbele, Darren alikuwa anataka nini.

Nikamwambia aliuliza jinsi ilivyotokea.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Akaitikia kwa kichwa polepole. "Haiko shida, mwanangu. Mungu iko." Nikageukia dirishani nikakaa hivyo hadi mlangoni kwa Mama Joy.

Ofisi ilipiga nikiwa bado natoa buti. Dada aliyeongea alikuwa mchangamfu. Kesho niende sehemu mpya, karibu na hospitali ya Westmead, nitafanya kazi na timu nyingine, na Darren amesema nifikiriwe kupewa saa nyingi zaidi. Kuhusu Zakaria, amesimamishwa kushika kibao hadi atakapopimwa Kiingereza cha redioni. Wataona kama kuna nafasi ya kupanga koni za barabarani kwa sasa. Alimaliza kwa kunipongeza.

Miezi yote hii nimeomba simu kama ile. Nilimshukuru. Nikakata, nikaenda chooni kunawa uso, nikaunawa tena.

Mama Joy aliamka kutoka kwenye usingizi wake wa mchana, maana wiki hii ana zamu za usiku. Nilimsimulia akiwa anasubiri maji yachemke. Hakusita. Alisema kwao wodini mtu akidai anajua kitu asichokijua, mgonjwa ndiye anayelipa, na kwamba kama ningesema ndiyo asingenitazama tena. Najua. Sikuhitaji kuambiwa kwamba nilisema kweli. Kilichokuwa kinanisumbua ni kitu kingine, ila sikuwa na jina lake.

Mzee Zakaria mwenyewe akanipa jina hilo. Alipiga simu saa tisa. Ofisi ilikuwa imemweleza kwamba mwenzake ametoa taarifa, na mwenzake ni mmoja tu. Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira. Ingekuwa na hasira ningejua pa kushika.

"Wewe hukukosea kusema," akaniambia. "Watu walikuwa kule chini. Mais, lakini mimi nilikuwa pale pale, naonekana. Ungemwambia Darren aniite. Nimekimbia nchi mbili, nimefungua kinywa changu mwenyewe mbele ya maofisa wa kila namna. Hii pia ningesema mwenyewe."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

Akasema mkewe anamwita, akaniaga. Hakusema mwanangu.

Tangu saa ile nimekuwa nikirudi nyuma. Nimekuwa nikijiambia kwamba kumtafsiria ilikuwa heshima. Labda ilikuwa. Lakini katika majuma yote yale, kwenye lile gari, na nafasi yote ile ya kuongea asubuhi na jioni, sikuwahi kumwuliza, "Mzee, redio inakusumbua?" Niliogopa kumwaibisha, nikaamua mwenyewe anachohitaji. Leo Darren aliponiuliza nikafanya lile lile, nikajibu kwa niaba ya mtu mzima aliyekuwa amesimama hatua chache kutoka dirishani.

Kesho nitapanda treni peke yangu kwenda Westmead, na redioni atakuwa mtu nisiyemjua. Naogopa. Nimefanya mazoezi ya kupiga kelele kwa Kiingereza ndani ya chumba hiki hadi Mama Joy akagonga ukuta, maana ana zamu leo na anataka kulala kidogo zaidi.

Jumamosi nitakwenda kwa Mzee Zakaria. Mama Joy anataka niende na daftari la maneno ya redioni, nijitolee kumfundisha kabla hajapimwa. Ni wazo zuri, na ningependa sana kumfundisha. Lakini sitaenda na daftari. Nitaenda na mkate wa chai, nibishe hodi, nikaribishwe au nisikaribishwe. Nikikaribishwa nitakaa pale watakaponiweka, na kama kuna la kusemwa kuhusu redio, au kibao, au mimi, safari hii nitamwacha aanze yeye.