Zamu ya Alhamisi

Mfereji Mpya, Bonde la Eyasi
3 Julai 2022

Yeyo, mama mpendwa,

Shikamoo. Nainamisha kichwa huku niliko ukiguse kama ulivyonizoesha. Habari za Olbalbal, habari za miguu yako, habari za vumbi? Sisi ni wazima, mkweo Goodness ni mzima, na vitunguu ni vizima kutuzidi sote. Barua nampa Martini wa lori la mahindi, maana simu yako haishiki hadi upande kilima, na miguu hiyo niliyoiulizia haitaki kilima.

Nina habari. Juzi niko shambani nikasikia mtu ananiita mwizi wa maziwa. Duniani ni mmoja tu anayeniita hivyo. Mwanao Lekoko! Amefika na ng'ombe wake, na kaya nyingine nyingi kutoka kwenu, wamejenga Mbuga ya Chini, pale mfereji wetu unapoishia. Kwa hiyo sasa bondeni tuko wahamiaji wa aina mbili: sisi Wairaqw tuliotelemka kutoka milima ya Karatu na Mbulu kufuata kitunguu, na ninyi Wamaasai mliotelemka na mifugo kukimbia ukame. Wenyeji wanatutazama wote kama nzige wa rangi mbili.

Kijiweni mjadala ni mmoja tu: nani ana nafuu? Wenzangu wanasema Mmaasai anajifanya maskini. Ng'ombe mmoja ni milioni, naye ana zizi zima, halafu anataka maji ya bure ya mfereji tuliouchimba kwa mikono yetu. Lekoko naye alipokuja kunywa chai alitazama bati, akatazama pikipiki, akapiga mluzi: "Hilary, umekuwa mzungu." Anasema kule kwao wote wanaamini matajiri ni sisi. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Wewe umezilea pande zote mbili, Yeyo. Amua kesi. Nani tajiri?

Mwanao,
Hilary


Olbalbal
19 Julai 2022

Mwanangu Hilary,

Marahaba. Kichwa nimekigusa, kinanuka vitunguu hadi huku. Miguu inauma, namshukuru Mungu, maana mguu usiouma ni wa marehemu. Naisenya, mke wa ndugu yako, anakusalimu na anauliza kama huko kuna wanawake warembo. Nimemwambia hakuna.

Swali lako ni la kipuuzi, lakini nitalijibu. Nyumba ya bati haizai ndama. Na ng'ombe aliyekonda hana milioni. Mnadani wanamtazama mbavu, wanakupa bei ya mbuzi, tena wanajiona wamekuhurumia. Jana nimechuna ngozi ya ng'ombe aliyekufa akiwa amesimama, ameegemea ukuta wa nyumba yangu. Hao wenzako wanaohesabu mifugo ya watu waambie wahesabu na mizoga. Na huyo ndugu yako anayekuita mzungu mwambie akuulize bei ya dawa, ya mbegu na ya mafuta ya pampu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wote mnachungulia sufuria ya jirani, na hakuna anayeona kwamba kuni zimemwishia.

Sasa nakukumbusha jambo, ingawa unalijua. Mlikuwa hamjaota meno. Watu wetu na watu wenu waliuana pale ukingoni kwa ajili ya ng'ombe walioibwa, wakalala wanaume ndani ya mahindi mpaka fisi wakashiba. Wazee walipochoka kuzika, wakalaza mikuki chini mstari mmoja. Mama yako Antonia, Mungu amrehemu, akakaa upande ule, mimi upande huu, tukapitishiana watoto juu ya vyuma, kila mmoja amnyonyeshe wa mwenzake. Wewe ulinyonya hadi ukajisahau. Lekoko alimbana mama yako kwa fizi hadi akapiga kelele, na wanaume waliokuwa wakilia wakacheka. Wazee wakatamka: walionyonya hivi wakiinuliana chuma, amani yote imekufa.

Tangu siku ile hakuna aliyeuawa kati ya watu wetu na wenu. Ninyi wawili ndio uzio. Basi mpe ndugu yako maji.

Mama yenu,
Nailantei


Mfereji Mpya
11 Septemba 2022

Yeyo,

Shikamoo. Kiguse kichwa vizuri, wiki hii kinauma kwelikweli. Habari za huko? Huku mambo yamechafuka, nami sitaki uyasikie kwa watu.

Ng'ombe waliingia shamba la Isaya, jirani yangu, zikiwa zimebaki siku chache avune. Walimaliza lote. Isaya akampiga mchungaji kwa mpini wa jembe. Jioni wakarudi kundi zima na rungu, wakamvunja taya; sasa anakunywa uji kwa mrija na mke wake anamfuta. Watu wetu nao wakatelemka na mapanga. Hawakuua mtu. Waliwakata ng'ombe mishipa ya miguu ya nyuma, wakawaacha hai. Nilisikia mlio wao nikiwa ndani, nikaziba masikio kama mtoto. Kesho yake pampu mbili zikachomwa moto, na kijana mmoja wa kwenu akatobolewa jicho kwa mshale.

Wamenichagua kuwa mkuu wa walinzi wa mfereji. Nimekubali, maana nikikataa wangemweka mwenye kiu ya damu.

Kuhusu Lekoko usiwe na wasiwasi. Huku kila mkulima ana zamu yake ya maji. Yangu ni Alhamisi kuanzia saa sita mchana. Nimemwambia Lekoko: Alhamisi saa sita leta ng'ombe wako kwenye lango langu la mfereji, wanywe mpaka wacheue. Mimi nasimama pale na panga kwapani, na hakuna anayethubutu kusema neno. Kila Alhamisi amekuja. Humletea Goodness maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na hunicheka ninavyosimama. Anasema nafanana na bata bukini mwenye hasira.

Mwanao,
Hilary


Olbalbal
30 Septemba 2022

Mwanangu Hilary,

Marahaba, kichwa nimekigusa kwa mikono miwili. Sisi wazima, mvua hakuna.

Umefanya vizuri. Naisenya ameanza tena kuimba anapokamua, ingawa anachokamua hakijazi kikombe. Lakini mama hakosi la kusema. Panga likikaa sana kwapani huzoea joto la mtu. Na siku ukitaka kusafiri, mwambie mwenzako kwanza. Ng'ombe hawajui kalenda, wanajua njia. Ukishawafundisha kwamba Alhamisi kuna maji, watakuja uwepo usiwepo.

Mama yenu,
Nailantei


Olbalbal
24 Oktoba 2022

Mwanangu Hilary,

Salamu sina. Martini amefika, hakunipa barua, amenipa mwili. Lekoko alikuwa chini ya turubai, katikati ya magunia ya mahindi, amefungwa kwa shuka lake mwenyewe. Nimemwosha kwa mikono yangu. Jeraha linaanza nyuma ya sikio linaishia begani. Ni panga, si mshale. Aliyempiga alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

Wanasema wamekufa na wengine wawili wa kwetu, na mmoja wa kwenu, Piusi. Wanasema mfereji ulipita mwekundu katikati ya vitunguu hadi jioni. Martini haniangalii usoni. Nimemuuliza kama wewe umeumia, akageuka akalia kwenye gurudumu la lori lake.

Uko wapi? Najua hukukaa kando. Najua ulisimama mbele ya ndugu yako, na naogopa hilo ndilo lililokuumiza. Kama uko hai usipite njia ya bondeni. Morani wameondoka na mikuki, wanasema mwanaume yeyote anayenuka vitunguu watamchinja. Juzi wamemkamata mchuuzi barabarani, hata kulima halimi, wakamkata masikio yote mawili. Njoo kwangu kwa njia ya juu. Mmoja nimemzika. Nionyeshe kichwa chako nikiguse, nijue bado kipo.

Mama yenu,
Nailantei


Karatu
9 Novemba 2022

Yeyo,

Usikiguse kichwa changu mpaka umalize kusoma.

Niko kwa shangazi Selina, huku mlimani. Nalala ghalani juu ya mahindi. Polisi wamechukua watu wengi, lakini jina langu hakuna aliyelitaja.

Alhamisi ile, tarehe ishirini, sikuwa langoni. Nilikwenda mjini kununua televisheni. Ndiyo, televisheni. Isaya alikuwa nayo, mwenye duka alikuwa nayo, nikaona na mimi sasa ni mtu. Nikabadilishana zamu na Piusi: yeye achukue Alhamisi, mimi nichukue Jumamosi yake. Kwetu ni jambo la kila wiki, watu hubadilishana hata kwa ajili ya kipaimara. Barua yako ya kunionya ilikuwa mfukoni mwa koti. Nilisema nitampitia Lekoko njiani, nikaona jua limepanda, nikaacha.

Saa sita akaja na ng'ombe wake kama kawaida. Piusi akawafungia lango. Ng'ombe hawakusimama, walikuwa na kiu, wakampitia yeye na lango lake. Akapiga yowe. Walinzi wangu mwenyewe, niliowapanga mimi, wakatoka kila upande na mapanga, na Wamaasai wakapanda kutoka chini kwa mikuki.

Mimi nilifika nikiwa nimeifunga televisheni nyuma ya pikipiki. Niliitupa chini. Piusi alikuwa amelala mferejini, tumbo liko wazi, anajaribu kurudisha matumbo ndani kwa mikono yake. Anaita mke wake, Blandina. Juu yake alisimama Lekoko, ameshika sime ina damu. Damu ya nani sijui mpaka leo, na sitajua.

Watu huku wamenipa vumbi. Wanasema, Hilary, kulikuwa na vumbi, hukumwona ni nani. Shangazi ananipa vumbi hilohilo kila asubuhi pamoja na chai. Silitaki. Nilimwona, Yeyo. Nilimjua kama ninavyojua mkono wangu. Na kichwani yalinijia maneno ya kijiweni: nimekupa maji, nimekupa chai, una zizi zima, na bado umekuja kumuua jirani yangu kwenye kitunguu chake. Maneno yaleyale niliyokuandikia nikicheka.

Nikainua panga. Hakuinua sime. Alinitazama kama mtu aliyefurahi kwamba hatimaye nimefika, akasema, "Hilary, leo ni Alhamisi."

Nilipiga akiwa bado anasema.

Wazee wetu wanakusanya ng'ombe wa fidia wawalete kwenu. Wapokee. Kama morani wako wanataka kujua nilipo, waambie: ghala la shangazi Selina, nyuma ya kanisa, mlango haufungwi kwa ndani.

Hilary


Olbalbal
27 Novemba 2022

Hilary,

Barua yako niliisoma peke yangu. Kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya wazee, mbele ya morani, mbele ya Naisenya. Sikuruka neno. Pale pa Alhamisi Naisenya alianguka, akapasuka paji la uso kwenye jiwe la moto.

Senteu, kiongozi wa morani, akatoka na mkuki, na wenzake nyuma yake. Nikawahi mlangoni mwa boma. Nikafungua shuka, nikatoa ziwa hili kavu mbele ya vijana niliowapokea walipozaliwa, nikamwambia: anza hapa, maana huyo unayemfuata ametoka hapa. Alitetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Hakuna morani anayevuka ziwa la mama. Wakarudi wakavunja kila kibuyu cha nyumba yangu, wakachinja mbuzi wangu na kumwacha pale pale bila kumla. Niliwaacha wavunje.

Wazee wenu walikuja na ng'ombe. Wazuri, wamenenepa kwa mabua ya mahindi. Wazee wetu walitaka kuwapokea, nimewarudisha wote. Fidia hulipwa na mtu wa nje. Nikiipokea, wewe ni ormeek, mtu baki, na siku ile juu ya mikuki mimi na Antonia tulikuwa tunacheza. Mwana akimuua mwana wa nyumba moja, mama hana wa kumdai. Anabaki na msiba wake, na anabaki na mwanawe.

Usidhani huu ni msamaha. Nakuchukia. Naamka nakuchukia, nachota maji nakuchukia, nakuchukia hadi meno yananiuma. Ungekuwa mtu wa nje ningekulaani mara moja nikapumzika.

Sasa sikiliza. Ng'ombe wa Lekoko waliobaki wameletwa hapa, hawana mtu. Uliniuliza mwaka huu nani tajiri, wa kitunguu au wa ng'ombe. Njoo uwachunge. Watafutie maji, lala nao, wainue kwa mkia asubuhi wanaposhindwa kusimama, kisha ujibu mwenyewe. Nyumba yako ya bati mwachie Blandina, mjane wa Piusi. Goodness aje kama anataka. Polisi wakikutafuta watakukuta nyuma ya ng'ombe, na utakwenda nao bila ubishi, na wakikuachia utarudi kuchunga.

Martini anapita Jumatano. Panga usibebe. Fimbo ya ndugu yako iko mlangoni.

Ukifika utainamisha kichwa kama nilivyokufundisha. Asubuhi hii nimeujaribu mkono wangu hewani. Sijui kama utakigusa au utakipiga. Njoo tujue.

Mama yenu,
Nailantei