Shoka na Trela

Mkamwana wangu Darlene,

Gari linanguruma nje na trela yangu ya kuishi iko nyuma yake, kwa hiyo naandika mbio. Usitembee uani pekupeku, kuna vioo. Damu ya ngazini ioshe kwa maji baridi.

Asubuhi mumeo alikuja na shoka. “Baba, hicho kibanda hakitoki hapa. Unakwenda nyumba ya wazee.” Akavunja dirisha la trela, akapasua na jiko la gesi nililofunga jana. Nikampiga kwa koleo begani, naye akaning'oa meno mawili kwa ngumi. Kisha akaenda kuifungua trela kwenye gari. Nikamwambia, “Wendell, inua kwanza shingo ya trela kwa jeki. Vile vyuma vya kuiungia na gari vimekazwa kama mtego.” Akasema, “Nyamaza, mzee,” akafyatua mnyororo unaovishikilia. Chuma kikaruka kikamvunja taya.

~~Nitamsubiri arudi kutoka hospitali tuongee.~~ Hapana. Akirudi atashika shoka tena, na mimi nitamuua. Nimelala kwenye mahema ya watu maisha yangu yote. Hii ndiyo nyumba yangu ya kwanza.

Mpikie supu laini, anywe kwa mrija.

Jirani yetu Hoyt amempeleka hospitali ya mjini Alliance. Usimtafute mbwa, ninaye mimi. Naelekea Arizona.

Baba mkwe wako